Je, Kisichopimwa Hakina Mwenyewe?

Baada ya darsa ya Alkhamisi alibaki nyuma mzee mmoja katika ndugu zetu wa mji huu, mtu tumjuaye kwa uangalifu wa kile anachokula na kile anachowalisha wanawe, akatuletea suali ambalo hatukuwa tumepata kuulizwa. Mwanawe yuko Marekani, mwaka wa pili katika chuo kikuu, na makazi yake ni katika bweni la chuo. Kijana huyo alinunua mashine kuukuu ya kuchimbia sarafu ya Bitcoin, akaiweka ndani ya kabati la nguo chumbani mwake, nayo hufanya kazi usiku na mchana. Kila mwezi humletea kiasi cha dola 20, ambazo kwa fedha zetu ni kama shilingi 2,600, na sehemu kubwa ya fedha hizo huja huku nyumbani kwa ajili ya dawa za sukari za bibi yake. Mzee alifurahi, akamuombea mwanawe dua. Kisha siku moja akamuuliza katika simu, "Na umeme je, mwanangu, walipa ngapi?" Kijana akacheka, akajibu: "Umeme hapa haupimwi, baba. Umo ndani ya ada ya bweni. Niwashe nisiwashe, nalipa ile ile."

Mzee hakulala vyema usiku ule. Suali alilotuletea lilikuwa fupi: Je, zile dawa anazokunywa mama yangu zapatikana kwa njia ya halali?

Tulimuahidi kumjibu katika ukurasa huu, kwani twaona suali hili si lake peke yake. Vijana wetu wengi wako mbali kwa ajili ya masomo, na kila mmoja wao amewekwa katika nyumba asiyoijenga, atumia maji na umeme asioujua mlipaji wake. Na sisi tuliobaki huku tunayo ya kwetu yanayofanana na hayo, kama tutakavyoona mwisho wa maneno haya.

Kwanza twataka kulitenga jambo moja ili lisituchanganyie mengine. Kuhusu sarafu hizi zenyewe, wanavyuoni wa zama zetu wamekhitalifiana. Mwanzo wa mwaka 2018 ilitangazwa fatwa ya Mufti wa Misri, Sheikh Shawki Allam, ya kukataza biashara ya Bitcoin. Baraza la Maulamaa la Indonesia liliamua Novemba 2021 kwamba kuzitumia sarafu hizi kama fedha ni haramu. Na huko Malaysia, baraza la ushauri wa sharia la tume inayosimamia masoko ya mitaji liliamua mwaka 2020 kwamba kuziuza na kuzinunua katika masoko yaliyosajiliwa kwajuzu. Mwenye kutaka kuijua hukumu hiyo na awaulize wenye ilimu. Suali la mzee wetu ni jingine, nalo lingebaki pale pale hata kama mwanawe angekuwa aoka mikate ndani ya chumba kile na kuiuza.

Wala haiwezekani kulijibu bila ya kufahamu mashine ile yafanya nini. Bitcoin ni daftari la hesabu lililoanza Januari 2009, baada ya maandishi yaliyotolewa mwaka 2008 kwa jina la Satoshi Nakamoto, ambaye hata leo hajulikani ni nani. Hakuna benki inayoliweka daftari hilo. Nakala zake ziko katika kompyuta nyingi duniani. Kila baada ya dakika 10 hivi hufungwa ukurasa mpya, na haki ya kuufunga huipata yule ambaye mashine yake imebahatika kuikuta nambari fulani inayotimiza sharti. Nambari hiyo haipatikani kwa akili wala kwa kusoma. Hupatikana kwa kubahatisha mara mabilioni kwa mabilioni. Aliyeufunga ukurasa hupewa sarafu mpya. Hapo mwanzo alipewa 50; zawadi hiyo hukatwa nusu kila baada ya miaka minne hivi, na tangu Aprili 2024 ni 3.125. Mashine zikizidi duniani, sharti nalo huzidishwa ugumu, na hesabu hiyo hurekebishwa kila baada ya kurasa 2,016, yaani kiasi cha wiki mbili, ili zile dakika 10 zisipungue. Mwenye mashine moja hawezi kutaraji kuufunga ukurasa peke yake, kwa hivyo wadogo hujiunga katika makundi, wakagawana kidogo kidogo kwa kadiri ya kazi ya mashine ya kila mmoja wao.

Kutokana na haya msingi wa kazi yenyewe waonekana wazi. Mchimbaji hana shamba, hana chombo baharini, wala hana bidhaa aliyoifuata mbali. Akishainunua mashine, alichobaki kutia katika biashara yake ni umeme. Umeme waingia upande mmoja, sarafu chache zatoka upande wa pili, na joto jingi latoka kila upande.

Sasa natupige hesabu. Mashine aliyoinunua kijana ni Antminer S9, aina iliyotoka mwaka 2016, ambayo katika siku zake ilikuwa yasifiwa na leo huuzwa kwa bei ya chuma chakavu. Hula takriban wati 1,350. Wasomaji wetu wanaonunua tokeni za umeme wajua uniti ni nini: ni wati 1,000 kwa muda wa saa moja. Basi mashine hii yala zaidi ya uniti 32 kwa siku, na katika mwezi wa siku 30 yala uniti 972. Nyumba ya wastani nchini Marekani, pamoja na friji yake na mashine zake za kufulia na za kupoza hewa, hutumia kiasi cha uniti 850 hadi 900 kwa mwezi. Kijana mmoja, katika kabati la nguo, ametumia zaidi ya nyumba nzima ya watu kule.

Bei ya wastani ya umeme wa majumbani nchini Marekani katika mwaka 2025 ilikuwa kiasi cha senti 17 kwa uniti. Uniti 972 kwa bei hiyo ni dola 165, nazo ni zaidi ya shilingi 21,000. Na mapato yake ni dola 20. Lau kijana angelazimika kuulipia umeme huo, asingeiwasha mashine ile hata kwa saa moja, kwani kila dola aliyoipata ingemgharimu dola nane. Hili ndilo lililotusimamisha sana katika mazungumzo yetu. Alidhani sarafu ndizo zilizompa faida, na hesabu yaonyesha kwamba faida yake yote yatoka katika bili ambayo mtu mwingine ameilipa.

Wala hakuanza yeye. Mwaka 2014 mkaguzi mkuu wa Shirika la Taifa la Sayansi la Marekani alieleza habari ya mtafiti mmoja aliyezitumia kompyuta kubwa za vyuo vikuu viwili kuchimbia Bitcoin. Kazi aliyozifanyisha kompyuta hizo ilikuwa na thamani ya zaidi ya dola 150,000, na sarafu alizozipata zilikuwa na thamani ya baina ya dola 8,000 na 10,000. Mwaka huo huo, katika chuo kikuu cha Harvard, mtu mmoja alinyimwa ruhusa ya kutumia kompyuta za utafiti baada ya kugunduliwa achimba sarafu iitwayo Dogecoin. Na Januari 2018 chuo kikuu cha Stanford kiliwaonya watu wake wasitumie mali ya chuo kwa uchimbaji wa namna hii. Zingatieni hesabu ya yule mtafiti. Mwizi wa nazi humharibia mwenyewe nazi moja, naye akaila nazi moja. Huyu ni kama aliyeukata mnazi mzima wa watu ili apate kunywa dafu.

Basi natuzichukue hoja za kijana moja moja, kwani alizisema kwa adabu mbele ya baba yake, na zafaa kujibiwa kwa adabu.

Hoja ya kwanza ni kwamba ameshalipa. Ada ya bweni ni moja, umeme umo ndani yake, na mwenye kununua kitu ana haki ya kukitumia. Twajibu: ni kweli amelipa, lakini amelipia nini? Amelipia makazi ya mwanafunzi: taa ya kusomea, kompyuta yake, simu yake, joto wakati wa baridi, maji ya moto ya kuogea. Chuo kilipoikata ada ile kiliangalia matumizi ya mwanafunzi anayeishi na kusoma, kikaona kwamba kuweka mita katika kila chumba ni taabu na kudhaniana vibaya, kikawaamini wote. Kuacha kupima kulitoka katika kuamini. Aliyeaminiwa kisha akaichukua imani ile kama mlango uliosahauliwa wazi, huyo ameikosea amana hata kama hakuvunja kufuli.

Sisi watu wa pwani hatuna udhuru wa kutolifahamu hili, maana tumelelewa katika mambo ya wakfu. Wanavyuoni wa madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo madhehebu ya wengi wetu hapa, husema kwamba maji yaliyowekwa njiani kwa ajili ya wapitao kunywa hayafai kutawadhia. Tazameni uzito wa hukumu hii. Kutawadha ni ibada, na maji yenyewe ni kidogo, na aliyeyaweka ameyatoa bure kwa watu wote. Juu ya hayo yote, maadamu yaliwekwa kwa kunywa, basi ni ya kunywa. Ikiwa ruhusa ya kunywa haikuwa ruhusa ya kutawadha, vipi ruhusa ya kusomea itakuwa ruhusa ya kufanyia biashara? Na lau mtu angekuja na mkokoteni na madebe 20 kwenye birika la msikiti, akayajaza na kwenda kuyauza mtaani, kisha akasema, "Mimi pia ni muumini wa msikiti huu, na maji haya hayapimwi," ni nani katika sisi angeyakubali maneno yake?

Hoja ya pili ni kwamba chuo ni tajiri, kina mamilioni, wala dola 165 hakitazihisi. Hoja hii twaijua sana, kwani huku kwetu husemwa juu ya serikali, juu ya manispaa na juu ya kila mali ambayo mwenyewe hana uso. Twajibu kwanza kwamba utajiri wa mwenye mali hauwi ruhusa ya kuichukua. Na la pili, mwenye mali hapa si yule tajiri anayedhaniwa. Bili ya bweni hulipwa kutokana na ada za mabweni. Matumizi yakipanda mwaka huu, ada yapanda mwaka ujao, na atakayeilipa ni kijana mwingine, pengine maskini kuliko yeye, pengine aliyetoka Garissa au Lamu kwa mkopo wa masomo.

Kama ushahidi wa namna gharama inavyowahamia wengine watakikana, basi upo. Katika kaskazini ya jimbo la New York kuna mji uitwao Plattsburgh, ambao hupata fungu la umeme wa rahisi unaotokana na nguvu za maji. Makampuni ya kuchimba sarafu yaliukimbilia mji huo kwa sababu ya urahisi ule. Fungu la mji lina mpaka wake; majira ya baridi yalipofika, watu wakawasha vya kupashia joto, mpaka ukapitwa, na mji ukalazimika kununua umeme wa ghali kutoka sokoni. Gharama hiyo ikagawanywa kwa wote, na watu ambao hawajapata kuiona sarafu hata moja wakakuta bili zao zimepanda. Machi 2018 baraza la mji likasimamisha wachimbaji wapya kwa muda wa miezi 18. Na wachimbaji wale, ndugu zetu, walikuwa wakizilipa bili zao. Ikiwa aliyelipa aweza kumtia jirani yake khasara, je, asiyelipa?

Hoja ya tatu ni kwamba hakuna kanuni iliyoandikwa katika bweni lake inayokataza kuchimba sarafu. Yamkini ni hivyo. Lakini katika harusi zetu hakuna bango mlangoni lisemalo, "Mgeni asijaze pilau ndani ya gunia akaiuze." Halikuandikwa kwa sababu kila aliyealikwa ajua kaalikwa kwa jambo gani. Ale mpaka ashibe, aongezewe akitaka, na hapana atakayemhesabia matonge. Akitoa gunia, kila mtu atajua kwamba ametoka katika wito wa mwenye harusi. Na tulipomuuliza mzee kwa nini mashine iliwekwa ndani ya kabati, mahali ambapo kitu chenye joto kama hicho hakifai kuwekwa, alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Wakaguzi wa bweni hupita." Kijana asiyeijua kanuni asingejua la kuficha.

Hoja ya nne ni kwamba wenzake wapoteza umeme kila siku na hakuna anayewauliza. Wapo waachao taa zikiwaka, wapo waogao maji ya moto nusu saa, wapo wachezao michezo ya kompyuta mpaka alfajiri. Twakubali kwamba huo ni uharibifu, wala hatuutetei. Lakini kosa la jirani halihalalishi kosa letu. Na kipimo chake pia ni mbali. Kompyuta ya michezo inayokula wati 500 kwa saa nne hutumia uniti 2. Mashine ya kabatini hutumia uniti 32. Tena yule achezaye, hata akizidisha, bado yu katika kuishi ndani ya chumba alichopewa kuishi. Huyu amegeuza chumba kiwanda, na amana ya watu rasilimali.

Hoja ya tano tuliipima kwa insafu, kwani ina ukweli ndani yake. Kijana asema kwamba umeme wote unaoliwa na mashine hatimaye hugeuka joto, na kule kuna baridi kali, kwa hivyo mashine ile yapasha chumba, na mwenzake wa chumbani ameridhika. Ni kweli kwamba mashine ya wati 1,350 hutoa joto sawa na kipasha-joto cha wati 1,350. Lakini joto la bweni lilikuwa limekwisha kutolewa na chuo, na hakuna aliyeomba la pili. Majira ya joto yakifika, mashine ya kupoza hewa itatumia umeme mwingine kulitoa nje joto ambalo la kwanza limelitia ndani, na chuo kitalipa mara mbili. Tena kuna hatari ya moto. Nyaya za kawaida za vyumba kule hubeba ampea 15 kwa volti 120, yaani wati 1,800, na kwa mzigo unaodumu kwa saa nyingi kanuni ya mafundi ni kutopita asilimia 80, yaani wati 1,440. Mashine moja karibu yaijaza njia yote, kabla ya kuongezwa hata birika la chai, nayo imefunikwa na nguo. Mwenzake wa chumbani aweza kuridhia kelele kwa masikio yake mwenyewe. Hawezi kuridhia kwa niaba ya waliolala ghorofa ya juu.

Hoja ya mwisho hakuisema kijana; aliisema mzee kwa niaba yake, nayo ndiyo iliyotugusa. Mwanafunzi mgeni katika nchi ile hana uhuru wa kufanya kazi apendavyo. Sheria za viza yake humruhusu kazi ndani ya chuo kwa muda usiozidi saa 20 kwa wiki wakati wa masomo, na kazi za nje zina masharti magumu. Kazi za ndani ni chache na wazitakao ni wengi. Yuko peke yake, na huku bibi yake ahitaji dawa. Je, kijana wa namna hii hastahili kuhurumiwa?

Astahili, nasi twamhurumia. Lakini haja humfungulia mtu mlango wa kuomba, na kijana huyu aliupita mlango huo bila ya kuugonga. Angeweza kwenda kwa wasimamizi wa wanafunzi wageni akaeleza shida yake. Angeweza kuwaandikia ndugu na jamaa huku, kwani shilingi 2,600 kwa mwezi si kiasi cha kuushinda mji mzima. Haja yake ilikuwa dola 20. Ili kuipata amewaunguzia watu dola 165. Lau chuo kingeulizwa, "Tukupunguzie dola 165, au umpe kijana huyu dola 20 za dawa ya bibi yake?" hapana shaka kingeona cha pili ni chepesi zaidi. Haja, hata ikiwa ya kweli, haikumlazimisha kupita njia ile.

Hatusemi kwamba kuchimba sarafu kwenyewe ni wizi. Hapa nchini Kenya iko kampuni iitwayo Gridless, ambayo hufanya uchimbaji kwa umeme wa mitambo midogo ya maji vijijini, kwa kuununua ule ambao wanavijiji hawakuutumia. Mwenye umeme ajua, amekubali, na amelipwa. Mtu aweza kuwa na rai yake juu ya sarafu hizo, lakini juu ya umeme hapana mwenye kulalamika. Kadhalika mwanafunzi aliyetaka kuisoma mashine ile ajue inavyofanya kazi, akaomba ruhusa, akaiwasha siku mbili mbele ya mwalimu wake, huyo amefanya jambo la kimasomo. Tofauti yote i katika kujua kwa mwenyewe na kuridhia kwake.

Sasa twarudi kwenye suali la mzee. Sisi si mamufti, na tulimwambia hivyo. Lakini tulimwambia pia yale tuliyoyaona. Mama yake hana lawama. Alikunywa dawa aliyoletewa na mjukuu wake, wala hakujua. Jukumu li juu ya kijana, na tangu usiku ule wa simu li juu ya baba yake pia, kwa sababu sasa ajua. Kijana na aizime mashine leo. Kisha na ahesabu miezi aliyoiwasha, na aende mwenyewe kwa ofisi ya mabweni kabla hajafuatwa, aseme: nilifanya hivi, nilitumia kiasi hiki, nataka kulipa. Wakimsamehe, msamaha ni wao kuutoa, na kilichopita kitakuwa kimeridhiwa na mwenyewe. Wakimdai, na alipe kidogo kidogo. Mashine ilikuwa imefanya kazi miezi saba. Tukahesabu pamoja juu ya karatasi: umeme, dola 1,155, mapato, dola 140.

Mzee aliitazama karatasi kwa muda, kisha akasema: "Kosa ni langu pia. Kila alipotuma nilimuuliza amepata ngapi, wala sikumuuliza amepata vipi." Akaikunja karatasi, akaitia mfukoni, akasema atamsaidia mwanawe kulipa, ijapokuwa kwa kuuza kitu.

Tulipoachana naye, sisi tuliobaki tukatazamana, na tukaona aibu. Kwani tulikuwa tumekaa katika baraza ya msikiti, na juu ya vichwa vyetu ulipita waya. Waya huo watoka katika dirisha la msikiti, wavuka kichochoro, waingia katika kibanda cha mmoja wetu, nao huliendesha friza la maji na soda. Una miaka sasa. Mwenye kibanda ni mtu mwema, huwapa maji baridi wanaofuturu, na kamati haijapata kumuuliza kwa sababu ni rafiki wa kila mtu, na kwa sababu umeme wa msikiti, kama ule wa bweni, hakuna anayejua huyu katumia ngapi na yule ngapi.

Lakini kila bili inapokuja, husimama mtu baada ya sala ya Ijumaa akatangaza deni, na kofia ikazungushwa. Upande wa wanawake hutoka noti ya shilingi 50 ya bibi mmoja auzaye viazi vya karai pembeni mwa barabara. Bibi huyo ajua kwamba ametoa kwa ajili ya taa na feni za wanaosali. Hajui kwamba sehemu ya noti yake huenda kupoza soda ambayo yeye mwenyewe, akiitaka, atauziwa kwa bei ya dukani. Basi mwenye umeme usiopimwa ni yeye. Kule Marekani ana jina jingine na uso mwingine, lakini ni yeye yule.

Ni vyepesi kwetu kumhukumu kijana aliye mbali. Yeye ana udhuru wa ujana, wa ugeni na wa dawa za bibi yake. Sisi tuna ndevu nyeupe na hatuna udhuru wa friza. Tulimtaka yeye aizime mashine, ahesabu, na aende mwenyewe kwa wenye mali. Hatuwezi kumtaka hayo kisha tukapita chini ya waya ule mara tano kwa siku.

Ndugu mwenye kibanda tumekwisha kuzungumza naye kabla ya kuyaandika haya, na alikasirika, kisha akatulia. Amekubali kuweka mita yake mwenyewe. Yaliyopita tutayahesabu pamoja naye mbele ya kamati, Alkhamisi ijayo baada ya darsa, na kila mwenye kuchangia msikiti aalikwa kuhudhuria. Yule bibi wa viazi tutampelekea habari mapema, ili apate wa kumshikia biashara yake.

Wa billahi tawfiq.